Wakuu, Jua linazunguka kwa siku ngapi hasa? Daftari la wanafunzi wangu hapa Ujiji linanipa majibu mawili

#1 Mwalimu_wa_Ujiji
Habari zenu wakuu. Mi nafundisha fizikia sekondari moja huku Ujiji. Mwaka 2022 nilianza na vijana wa kidato cha tatu kuchora madoa ya Jua kila siku saa nne asubuhi. Darubini ya mkono tumeifunga kwenye stuli kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, jicho moja tumeliziba kwa boksi, mwanga unapita jicho la pili unaangukia karatasi nyeupe, Jua linatokea kama kisosi cha chai na madoa kama punje za ulezi. Hakuna anayechungulia Jua kwa jicho, nasema mapema kabla hamjanirukia.

Sasa kuna wiki tulipata madoa mawili kwa pamoja, moja karibu na ikweta ya Jua kama nyuzi 10 hivi, lingine juu zaidi karibu nyuzi 30. Baada ya siku 7 la chini limesogea nyuzi 94, la juu nyuzi 90. Piga hesabu, la kwanza linamaliza duara kwa siku 27 kasoro kidogo, la pili siku 28. Nikawaambia mmekosea futeni, binti mmoja akagoma kufuta, akasema mwalimu tumepima mara tatu.

Kitabu kinasema siku 25. Nani yuko sahihi? Na kama huko juu tu haviendi pamoja, ndani kukoje, na hii ina uhusiano gani na ile miaka 11 ya madoa kujaa na kupungua?

#2 Giza_la_Kibirizi
Uzi mtamu huu. Mi mvuvi wa dagaa, najua mwezi tu, mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Mambo ya Jua nasubiri wataalamu. Nimekaa mkao.

#3 Bint_Kasulu
Mwalimu, huyo binti aliyegoma kufuta mpe zawadi. Wote mko sahihi, daftari na kitabu.

Kwanza hiyo 25 na 27. Sisi tunaliangalia Jua huku Dunia nayo inasonga kulizunguka, kwa hiyo doa likimaliza duara lake kweli kweli sisi tumeshasogea, inabidi liongeze kama siku mbili kutufikia tena. Siku 25 ni kwa anayeangalia kutoka kwenye nyota, 27 ni kwa aliyeko Ujiji.

Pili, Jua ni gesi ya moto sio tofali, halizunguki kama mpira. Ikweta inamaliza kwa siku 25 hivi, karibu na ncha inafika hadi 35. Padri Christoph Scheiner aliliona hilo kwenye madoa akaandika kwenye kitabu chake cha 1630, halafu Mwingereza Carrington miaka ya 1850 akalipima vizuri kwa kuchora madoa siku baada ya siku, kazi ileile mnayofanya nyinyi hapo shuleni.

#4 Mnyamwezi_Nyuki
Mwangaluka wakuu, salamu kutoka Tabora. Swali kwa dada #3: ya juu tumeelewa, mnaona doa linatembea. Ya ndani mnajuaje na hakuna aliyeingia? Mi mzinga nikitaka kujua kama una asali naugonga na kuunyanyua, Jua utaligonga na nini?

#5 Bint_Kasulu
Kaka Nyuki umejijibu mwenyewe hahaha. Kugonga ndiyo njia, ila hatuligongi sisi, linajigonga lenyewe. Gesi inavyochemka inapiga kelele muda wote, mawimbi ya sauti yanazunguka humo ndani, uso wa Jua unapanda na kushuka kila kama dakika 5. Waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wimbi linaloenda upande ambao gesi inazungukia linasukumwa, linaloenda kinyume linacheleweshwa, ukilinganisha hayo mawili unapata kasi ya gesi kwenye kina hicho. Mawimbi mengine yanaishia juu juu, mengine yanashuka mpaka karibu na kiini, kwa hiyo unapima tabaka kwa tabaka. Tangu 1995 kuna vituo sita duniani vinaitwa GONG vinapokezana ili Jua lisizame kwao, halafu chombo cha SOHO kilirushwa mwisho wa mwaka huohuo, na SDO ikafuata 2010.

#6 MamaMawese
Hapo kwenye kugonga namuunga mkono mwanangu Bint Kasulu. Mi nakamua mawese mwaka wa kumi na tisa huu. Pipa la mawese sifungui kujua limebaki kiasi gani, nagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu nashuka, juu linalia wazi, ukifika kwenye mafuta sauti inakufa. Na yakiwa yamegandia chini baridi ya asubuhi sauti ni nyingine tena. Mnunuzi mgeni hawezi kunidanganya wala mi siwezi kumdanganya anayejua kugonga.

#7 Mwalimu_wa_Ujiji
Mama hiyo nitaipeleka darasani kesho, shukrani. Bint Kasulu sasa walipogonga walisikia nini?

#8 Bint_Kasulu
Hapa ndipo patamu. Kabla ya kusikia, watu walikuwa na modeli za kompyuta tangu miaka ya 70 na 80, na modeli zikawa zinasema Jua limegawanyika kama nguzo zilizosimama, nguzo ndani ya nguzo, kila nguzo na kasi yake kutoka juu mpaka chini. Ukikoroga kitu cha majimaji kinachozunguka kweli huwa kinataka kujipanga hivyo. Data zilipokuja hamna nguzo. Kasi ile unayoiona juu kwenye nyuzi 30 inashuka nayo ndani karibu vilevile, kama vipande vya chungwa, mpaka ufike kama asilimia 70 ya nusu kipenyo ukihesabu kutoka katikati. Hapo ghafla mambo yanabadilika, kwenda chini yote inazunguka pamoja kama kitu kigumu. Kati ya hizo sehemu mbili kuna tabaka jembamba ambamo kasi zinapishana, wanaliita takoklaini, jina hilo wamelipa 1992.

Na kuna sehemu nyingine ya kupishana, karibu na uso kabisa, kama kilomita 35,000 za juu. Ikumbukeni hiyo, ugomvi wote wa sumaku ya Jua inatengenezwa wapi unaanzia kwenye hizo sehemu mbili.

#9 Fundi_Gungu
Mi fundi baiskeli hapa Gungu, niliwahi kusikia redioni kuwa Jua lina dainamo. Sasa dainamo naijua, ninazo kwenye kopo hapa. Ndani kuna sumaku, tairi inaizungusha, waya uko pembeni, taa inawaka. Ukitoa sumaku hata uzungushe mpaka kesho haiwaki. Jua sumaku yake ya kuanzia ilitoka wapi na kwenye moto ule sumaku si inakufa?

#10 Daftari_la_Anga
Fundi swali lako zito. Ni kweli chuma kikipata moto sana usumaku wake unakufa, ndani ya Jua hamna sumaku ya namna hiyo. Kuna umeme unaotiririka kwenye gesi yenyewe. Larmor wa Uingereza ndiye aliyetoa wazo hilo 1919, kwamba gesi inayopitisha umeme ikitembea ndani ya usumaku mdogo sana inazalisha umeme, umeme unaongeza usumaku, usumaku unaongeza umeme. Cha kuanzia kinaweza kuwa kidogo kupita kiasi, Jua lilipozaliwa lilirithi kwenye wingu lake.

Halafu chukua kamba uifunge kaskazini na kusini ya mpira, ikweta inakimbia ncha zinachelewa, kamba inavutwa katikati inajizungushia mpira mara nyingi. Ndivyo mistari ya sumaku inavyokolezwa. Ikishakazwa sana kipande kinachomoza juu kama utumbo wa tyubu unavyotokeza kwenye tairi iliyochanika, pale kinapotoboa uso ndipo kuna madoa mawili, moja ncha ya kaskazini lingine ya kusini. Mmarekani Hale alithibitisha kuwa madoa ni sumaku mwaka 1908. Na kila baada ya miaka 22 ncha za Jua zinabadilishana.

#11 Bint_Kasulu
Nakusahihisha kidogo #10, zinabadilishana kila kama miaka 11, pale madoa yakiwa mengi. Miaka 22 ni mpaka zirudi zilivyokuwa mwanzo. Mengine safi kabisa, huo mfano wa tyubu nauchukua.

#12 Fundi_Gungu
Sawa nimeelewa ila nina lingine. Baiskeli yenye dainamo ukiwasha taa pedali inakuwa nzito, ukizima inalegea. Kila mtu aliyepanda kutoka Mwanga usiku anajua. Je Jua nalo likiwasha hizo sumaku halielemewi? Maana kama linaelemewa mzunguko wake hauwezi kuwa uleule mwaka hadi mwaka.

#13 Bint_Kasulu
Fundi!! Hilo swali ndilo linaloandikiwa makala mpaka leo. Ndiyo, mzunguko unabadilika. Howard na LaBonte mwaka 1980 walionyesha kuwa kuna mikanda kwenye uso wa Jua inayokwenda kasi kidogo kuliko wastani na mingine taratibu kidogo, na mikanda hiyo inahama kuelekea ikweta pamoja na madoa. Tofauti ni ndogo, ikweta inakimbia kama kilomita 2 kwa sekunde na hiyo nyongeza ni kama mita 5 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli yako hiyohiyo fundi. Halafu walipogonga ndani wakakuta mikanda haiko juu tu, imeshuka mbali ndani ya lile tabaka linalochemka. Na mkanda wa mzunguko mpya unaanza kuonekana huko juu karibu na ncha miaka kadhaa kabla doa la kwanza halijatokea.

Maelezo ya kwanza ni hayo yako, sumaku zinaivuta gesi nyuma, pedali nzito.

#14 Daftari_la_Anga
Sio lazima iwe pedali nzito. Kuna wanaosema ni joto. Sehemu zenye sumaku nyingi zinapoteza joto zaidi, pakipoa gesi inavutwa kuja pale, na kitu kinachosogea juu ya tufe linalozunguka lazima kipinde, kwa hiyo unapata mikanda bila sumaku kusukuma moja kwa moja. Kwa mikanda ya karibu na ikweta hili linakaa vizuri tu.

#15 Bint_Kasulu
Linakaa vizuri kwa ikweta, lakini mkanda unaoanza miaka kabla ya doa lolote hilo joto limepotelea wapi wakati sumaku bado hazijatoka nje? Hapo mi bado niko na fundi.

#16 Sayari_Nne
Mnazunguka mbuyu. Miaka 11 ni Jupiter. Jupiter inalizunguka Jua kwa miaka 11.86, inalivuta, mzunguko wa Jua unabadilika, basi. Kuna watafiti Ujerumani wamepiga hesabu ya Zuhura, Dunia na Jupiter zikijipanga kila miaka 11.07.

#17 Daftari_la_Anga
Mkuu 11.86 sio 11. Ukianza kuhesabu pamoja leo, baada ya mizunguko sita hivi mmoja uko juu mwingine uko chini. Hiyo ya 11.07 wastani wake unakaribia kweli, ila mvuto wa kujaa na kupwa wa sayari kwenye Jua unainua gesi kwa milimita moja hivi, wakati gesi yenyewe inachemka inapanda na kushuka kilomita na kilomita.

#18 Sayari_Nne
Bembea nayo mtoto anaisukuma kwa kidole na inapaa akipatia wakati. Udogo sio hoja.

#19 Daftari_la_Anga
Bembea ina mwendo wake mmoja. Mizunguko ya Jua mingine imechukua miaka 9, mingine karibu 14. Na toka 1645 hadi 1715 madoa yalikaribia kupotea kabisa wakati Jupiter ilikuwa palepale inazunguka.

#20 Mzee_wa_Masafa_Mafupi
Wajukuu zangu salamu. Nilikuwa mtu wa mawasiliano ya redio kwenye reli hapa Tabora mpaka nilipostaafu. Nina daftari la kusikiliza masafa mafupi tangu 1978. Miaka ya 1979 mpaka 1981, madoa yakiwa mengi, bendi ya mita 13 ilikuwa inafunguka asubuhi mpaka jua linazama, nasikia stesheni za mbali kwa waya wa mita chache tu juu ya mwembe. Kufika 1986 mita 13 kimya kabisa, unashuka mpaka mita 49 na 60 ndipo kuna watu. Ikarudi 1989, ikafa 1996, ikarudi 2000. Sikuwahi kuona doa moja kwa macho yangu lakini mizunguko yote minne mitano nimeisikiliza. Na naweza kuwathibitishia haifanani, ule wa 2014 ulikuwa dhaifu, mke wangu aliniuliza redio imeharibika?

#21 Mwalimu_wa_Ujiji
Mzee wangu shikamoo. Hilo daftari ni mali, naomba likipatikana kijana alipige picha kurasa zote kabla mchwa hawajalifikia.

#22 Mzee_wa_Masafa_Mafupi
Marahaba. Liko kwenye sanduku la bati.

#23 Mpima_Viwanja
Samahani kuingilia. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024 nilikuwa napima viwanja nje kidogo ya mji Kigoma, mashine ya setilaiti ikawa haishiki, inashika dakika mbili inaachia, alama ileile nimepima mara nne kila mara inaniletea jibu tofauti. Mteja akadhani nachelewesha ili niongeze siku za malipo, tukakwaruzana. Baadaye nikasikia ulikuwa wakati wa dhoruba kubwa ya Jua. Inawezekana?

#24 Bint_Kasulu
Inawezekana, dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 2003, Marekani wakulima wenye trekta za kuongozwa na setilaiti walisimama katikati ya kupanda. Na sisi huku tuko karibu na ukanda ambao angahewa ya juu imejaa chembe za umeme nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, ukanda huo unapita pande zote mbili za ikweta ya sumaku. Ila hata siku ya kawaida miti na mabati yanafanya hivyo hivyo, mashine ilikuwa chini ya mwembe?

#25 Mpima_Viwanja
Peupe kabisa, shamba la mihogo.

#26 Giza_la_Kibirizi
Nami niulize la kwetu. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza sehemu tuliyokuwa tunaanikia dagaa, wazee wanasema linapanda na kushuka kwa zamu. Ni madoa?

#27 Daftari_la_Anga
Mwaka 1923 Mwingereza Brooks alilinganisha kina cha Ziwa Victoria na madoa, vikaenda pamoja vizuri mno, watu wakafurahi. Baada ya muda mfupi vikaachana. Na kina kikubwa cha mwaka 1964, Victoria na Tanganyika yote mawili, kilikuja Jua likiwa kwenye madoa machache kabisa, kilitokana na mvua za kuanzia 1961. Kwetu pia kuna Mto Lukuga kule Kalemie, ziwa linatokea hapo tu, mdomo ukijaa mchanga maji yanapanda. Mi naangalia mvua na Lukuga kwanza.

#28 Giza_la_Kibirizi
Babu yangu naye alikuwa anaitaja Lukuga. Sawa.

#29 Mnyamwezi_Nyuki
Turudi kwenye ugomvi wa #8. Dainamo iko chini kwenye takoklaini au juu?

#30 Bint_Kasulu
Kwa miaka mingi darasani tulifundishwa chini. Kasi zinapishana sana pale, na usumaku unaweza kukaa ukakua bila kuelea juu haraka. Kambi ya pili inasema kuna mkondo kama mkanda wa mashine, gesi ya juu inatembea toka ikweta kwenda ncha kwa mita 10 mpaka 20 kwa sekunde, inabeba mabaki ya sumaku ya madoa yaliyokufa, yakifika nchani yanafuta sumaku ya zamani na kupanda mpya, na hiyo ndiyo mbegu ya mzunguko unaofuata. Babcock 1961 na Leighton 1969 hao. Ukitaka kutabiri mzunguko ujao angalia nguvu ya ncha madoa yakiwa machache.

Halafu Mei 2024, mwezi uleule wa dhoruba, Geoffrey Vasil wa Edinburgh na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature kuwa hapana, inaanzia juu, kwenye zile asilimia 5 mpaka 10 za nje. Wanasema hata ile mikanda ya fundi inatokea yenyewe kwenye hesabu yao. Na kuna jambo linalowasaidia: nyota ndogo ambazo zinachemka toka juu mpaka katikati hazina takoklaini, na bado zina sumaku kali zinazofuata kasi ya kuzunguka kama nyota za aina ya Jua.

#31 Daftari_la_Anga
Nyota ndogo hazithibitishi kuwa Jua halitumii takoklaini. Anayeishi bila kisima anaweza kuchota ziwani, mwenye kisima bado anachota kisimani. Na hesabu ya Vasil imerahisishwa sana, mchemko wenyewe wameuweka pembeni.

#32 Mwalimu_wa_Ujiji
Sasa si waweke Jua zima kwenye kompyuta kubwa wamalize?

#33 Bint_Kasulu
Wameweka mwalimu, na hapo ndipo kichwa kinauma. Mviringo mkubwa wa mchemko una kina cha kilomita 200,000 na midogo haifiki hata kilomita moja, hakuna kompyuta inayobeba yote, kwa hiyo gesi ya kwenye kompyuta inabidi iwe nzito kama uji wakati ya Jua ni nyepesi kama maji. Na ukiweka namba halisi za Jua mara nyingi modeli inakuletea Jua la kinyume, ncha zinakimbia ikweta inachelewa! Daftari la Ujiji peke yake linatosha kuikataa. Tena mwaka 2012 kuna waliopima mchemko wa ndani kwa mawimbi wakapata ni wa polepole mno kuliko modeli, wengine wamepima kwa njia nyingine wakapata tofauti, mpaka leo wanavutana.

#34 MamaMawese
Mwanangu nisikilize. Mi napochemsha chikichi kwenye pipa, moto ukiwa katikati yanapanda katikati yanashuka pembeni, unaona kabisa. Moto ukisogea upande, yanapanda upande huo. Lakini yakishaanza kutoa mafuta kule juu, mwendo unabadilika hata kama moto sijaugusa, yale ya juu yanapoa haraka yanazama vipande vipande kama matone mazito yanakata kwenda chini. Sasa hao watu wa kompyuta wanahesabu moto wa chini tu au na kinachozama kutoka juu?

#35 Bint_Kasulu
Mama, kuna kundi zima linasema hivyohivyo, kwamba mchemko wa Jua hauendeshwi na moto wa chini, unaendeshwa na vijito vya baridi vinavyozama kutoka juu, na ndio maana modeli zinakosea mwendo. Nimebaki nimeshika simu.

#36 Sayari_Nne
Utabiri wao wenyewe ulikosea. Mwaka 2019 kamati ya watabiri ilisema mzunguko huu wa madoa, wa 25, kilele chake kitafika idadi ya madoa 115, Julai 2025. Umefika kama 160, tena Oktoba 2024. Hamjajibu.

#37 Daftari_la_Anga
Hilo nakubali mkuu, walipunja. Ila Jupiter nayo haikusema 160.

#38 Mwalimu_wa_Ujiji
Wakuu narudi na jipya. Kuna kundi la madoa lilipotelea ukingo wa magharibi, leo siku ya 14 limechomoza kitu ukingo wa mashariki, latitudo karibu ileile, nyuzi 15. Yule binti anasema ni lilelile.

#39 Daftari_la_Anga
Mmejuaje mashariki ni ipi? Karatasi inageuza picha.

#40 Mwalimu_wa_Ujiji
Darubini tunaiacha bila kuigusa, picha inakotembelea ndiyo magharibi. Tunaweka alama kwanza ndipo tunachora.

#41 Bint_Kasulu
Safi. Linaweza kuwa lilelile au jipya lililozaliwa mahali palepale, inatokea sana. Pimeni pengo kati ya doa la mbele na la nyuma, halafu mwinamo wa mstari unaoyaunganisha ukilinganisha na ikweta. Huo mwinamo ndio watu wa mkondo wa #30 wanaotegemea, bila huo hakuna mbegu inayofika nchani.

#42 Mwalimu_wa_Ujiji
Pengo lilikuwa milimita 4 kabla halijapotea, sasa 6. Doa la mbele liko karibu na ikweta kuliko la nyuma, mwinamo binti amepima mara tatu: nyuzi 6, 5, 6.